Jiko la Mchanga wa Kijivu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Justina aliinama mbele ya mafiga matatu na kupuliza makaa ya jana mpaka yakubali kuwaka. Jiko lao lilikuwa kibanda cha tope nyuma ya nyumba, mtaa wa Nyasubi mjini Kahama. Babu yake alilijenga zamani, na tangu alipofariki halikuwahi kufanyiwa lolote ila kuzibwa viraka. Halikuwa na dirisha. Moshi ulitokea mlango uleule alioingilia mpishi, na siku za upepo ulirudi ndani kumfuata. Justina alipika uji wa mdogo wake Enock, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, huku machozi yakimchuruzika. Kisha alinawa uso, akavaa sare na kwenda zake.

Shuleni masizi hayakuonekana, ila harufu haikuwa na mahali pa kujificha. Hosiana, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa na ulimi mwepesi. Alivuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Usiniambie, ngoja nikisie," alisema. "Leo mmepikia mwarobaini. Jana ilikuwa mkaratusi."

Wenzao walicheka. Justina naye alicheka, maana alijua asipocheka wangeendelea.

Kwa hiyo mama yake alipotangaza kwamba jiko litajengwa upya, hakuna aliyefurahi kumpita Justina. Mama yake, Salome, alikuwa fundi cherehani, na alilipanga jiko kama alivyopanga gauni: hakukata kabla ya kupima. Mwaka mzima aliutazama uwanja wa nyuma. Alitaka kujua upepo unatokea wapi wakati wa kiangazi, na maji ya mvua yanatuama wapi wakati wa masika. Alikwenda kuangalia majiko ya majirani, na aliporudi alisimulia makosa aliyoyaona. Mmoja alinunua vigae vya ukutani kabla ya kufikiria maji machafu yatatokea wapi, na sasa aliyabeba kwa ndoo kupita juu ya vigae vyake. Mwingine alijenga jiko refu ili lipendeze machoni pa wageni. Mkewe hakuweza kusongea ugali juu yake, akarudi kupikia sakafuni.

Fundi Mabula, mwashi aliyepewa kazi hiyo, alipokuja kupima, mama alishika mwiko na kusonga hewa tupu, naye fundi akatia alama ya chaki ukutani mahali viwiko vyake vilipofika. Bibi Klara, mama yake baba, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alisikia mwiko ukizunguka.

"Huo ugali ni wa nani," aliuliza, "mbona haunukii?"

Wote walicheka, hata Mabula. Walikubaliana juu ya madirisha mawili yanayotazamana, jiko banifu la kujengea lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na kuta zilizopigwa lipu ili zisafishike. Baba yake Justina, Felician, aliyekuwa dereva wa lori katika mgodi mmoja huko Geita na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, aliyasikiliza yote kwa simu na kusema mpango ni mzuri.

Katika jambo moja mama alikuwa mkali. Lipu na jiko lenyewe vingehitaji mchanga, na mchanga huo ulipaswa kutoka mtoni, wenye punje zinazoonekana kwa macho. Kahama mchanga si wa kutafuta mbali. Nje ya mji kuna mialo, mahali mawe ya dhahabu yakishasagwa kwa karasha huoshwa na kuchanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Mwingine huuzwa ukachenjuliwe tena. Ule usio na mnunuzi hulundikwa tu, na watu huuchota bure kujengea.

Mama alikuwa amewashonea nguo wanawake wengi wa mialoni. Aliwaona baadhi yao wakishindwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. "Kitu cha mwaloni hakiingii jikoni kwangu," aliwaambia Mabula na Justina kwa pamoja. "Hata kiwe zawadi."

Kazi ilipangwa kuanza mapema ili imalizike kabla ya kipaimara cha Justina. Baada ya misa wageni wangekuja nyumbani, na Hosiana na wazazi wake wangekuwa miongoni mwao. Lakini wiki ileile ya kuanza, taarifa ilikuja kutoka Ushirombo kwamba dada yake mama amejifungua kwa upasuaji na hana wa kumwangalia. Mama alimfunga Enock mgongoni na kupanda basi. Kabla ya kuondoka alirudia maagizo. Charles, mwenye lori, angeleta mchanga wa mtoni. Jiko la zamani lisivunjwe mpaka mchanga uwe uani. Mchanga ukichelewa, kazi isubiri, na wageni watapikiwa nje, hakuna atakayekufa kwa kupikiwa nje.

Agizo la pili ndilo lililovunjwa kwanza. Mabula alifika na vijana wake, akaona siku ina jua zuri, akasema kuvunja si kazi ya kungojea mchanga. Hadi adhuhuri kibanda cha babu kilikuwa rundo la tope na mabati meusi. Alasiri Charles alipiga simu. Lori lake lilikuwa limevunjika ekseli njiani, na kipuri kingetafutwa Mwanza. Jioni hiyo Justina alipika uani chini ya turubai, na mvua ikaja ikazima moto kabla ugali haujaiva. Yeye na Bibi Klara walikula ugali mbichi.

Siku iliyofuata lori jingine liliingia. Lilikuwa la Edson, mdogo wake baba, mwenye karasha nje ya mji. Edson alikuwa mtu mkarimu, mwenye kicheko kikubwa, na alikuwa amesikia shida yao. Alimwaga uani rundo la mchanga wa kijivu.

"Zawadi ya kipaimara, mwanangu," alimwambia Justina. "Kwangu nimepigia lipu nyumba nzima. Ukuta unateleza kama sahani."

Alikunywa maji, akaingia ndani kumwamkia mama yake, Bibi Klara, akaondoka. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na habari ya agizo la Salome, na ule mchanga aliuona kila siku ya maisha yake.

Mabula alichota konzi, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo, na ulipolowa ulishikana kama tope. Bibi alikuwa amejinyoosha ndani. Fundi alimwita Justina akamweleza hali ilivyo. Alikuwa ameahidi kazi nyingine Kambarage, kule Shinyanga mjini. Asipopiga lipu wiki hii, asingerudi mpaka kipaimara kipite.

"Mama yako alitaka mchanga wa mtoni," alisema. "Huu baba yako mdogo kautoa wapi?"

Justina alijua. Likizo iliyopita alimpelekea Edson chakula mwaloni, na mchanga uleule aliuona umelundikwa nyuma ya karasha, wanawake wakikanyaga juu yake miguu mitupu. Lakini alilitazama lile rundo la tope lililokuwa jiko lao. Aliwaza wageni wakikaa kuzunguka turubai linalovuja, na Hosiana akivuta hewa taratibu kwa pua yake.

"Ni wa mtoni, fundi," alisema. "Ameuchekecha. Ndiyo maana umelainika."

Mabula alimtazama kidogo. Lilikuwa jibu linalowezekana, na zaidi ya hapo lilimfaa. Mtu akipewa uongo unaomfaa, mara nyingi hauulizi maswali. Aliwaambia vijana wake wachanganye.

Mama aliporudi kutoka Ushirombo alilikuta jiko limekwisha. Kuta zilikuwa laini na nyeupe kwa chokaa, madirisha mawili yalitazamana, na jiko la kujengea lilisimama kwenye kona kwa urefu uleule wa viwiko vyake. Kitu kimoja tu hakikuwa kama walivyopanga. Dirisha moja lilikuwa dogo kuliko la pili, kwa kuwa vijana wa Mabula walihofia wezi. Mama alipitisha kiganja ukutani kama anavyokagua kitambaa.

"Mbona laini hivi?" aliuliza. "Charles alileta huu?"

"Ndiyo, mama," alijibu Justina.

Uongo wa kwanza ulimgharimu pumzi. Huu wa pili haukumgharimu kitu, na hilo lilimwogopesha kwa muda mfupi, kisha akalisahau.

Kipaimara kilipita vizuri. Hosiana alisimama mlangoni mwa jiko akitazama kuta, halafu akaomba aonyeshwe bomba la moshi linavyofanya kazi. Jirani yao, Mama Sikujua, alilisifu jiko tangu alipofika mpaka alipoondoka. Kesho yake alikuja na karai kuomba mchanga uliobaki, apate kukandika kuzunguka mafiga yake. Mama alimwambia achukue wote. Justina ndiye aliyemshikia karai. Alifungua mdomo, akaufunga, akamtwisha.

Mvua zikazidi. Kwa kuwa nje kulikuwa na baridi na matope, familia ilihamia jikoni. Mama alileta cherehani karibu na dirisha. Bibi Klara aliota moto. Enock alicheza sakafuni mbele ya mdomo wa jiko, akilala hapo mchana kwa sababu palikuwa na joto. Dirisha kubwa lilifungwa mvua isiingie.

Enock ndiye aliyeanza kubadilika. Alikuwa mtoto wa kucheka, akawa wa kulia. Alilia akibebwa, akalia akilazwa. Usiku alitoka jasho hadi shuka likalowa. Alikuwa ameshaanza kukimbia kwa miguu yake mifupi, sasa akawa anasimama kwa kushika ukuta, kisha hata kusimama akaacha. Viganja vyake na nyayo vikawa vyekundu, na ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu.

Zahanati ilipima malaria, haikuwepo. Walisema labda ni fangasi, wakatoa mafuta ya kupaka. Majirani walisema surua, wengine wakasema mtoto amepatwa na jicho la husuda. Bibi Klara alichemsha mizizi na kumwosha. Hakuna kilichosaidia. Mama aliacha kushona. Alikaa na mtoto mapajani mbele ya jiko, mahali penye joto, na kumbembeleza. Justina aliwatazama na kuwaza juu ya masomo yake. Aliwaza juu ya kitu chochote, ila si juu ya ukuta uliokuwa nyuma ya mama yake.

Hatimaye walipewa rufaa kwenda Shinyanga. Baba alipata ruhusa kazini akaja kutoka Geita, na Jumamosi alimchukua Justina wakaenda kuwaona. Walimkuta mama wodini, amekonda, Enock amelala ubavu na mikono yake imefungwa vitambaa asijikwangue. Daktari, mwanamke wa makamo aliyeitwa Martina, aliwaita wote pembeni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza baba anafanya kazi gani.

Baba alimjibu. Daktari aliuliza kama huleta zebaki nyumbani, au kama kuna mtu nyumbani anayechoma dhahabu jikoni, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wengi. Baba alisema yeye ni dereva, dhahabu haijui hata rangi yake ikiwa mbichi. Daktari aliandika, lakini uso wake haukuonyesha kama ameamini.

"Nimewahi kuwaona watoto wa namna hii," alisema. "Mikono hii, jasho hili, na miguu kuishiwa nguvu. Nimepeleka mkojo wake upimwe zebaki. Majibu yatachelewa, lakini sitaki kungoja majibu ili kuuliza. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke. Haina harufu wala rangi, na mtoto mdogo huivuta karibu na sakafu. Naweza kumtibu. Lakini nikimrudisha mahali palepale alipoivutia, nitakuwa nimewapotezea muda, na yeye nitakuwa nimempotezea zaidi."

Mama naye alisema kwamba nyumbani kwao hakuna zebaki. Kisha akageuka kumtazama mume wake. Justina hakuwahi kuliona jicho hilo kwa mama yake. Halikuwa la hasira, lilikuwa la mtu anayejiuliza amekuwa akiishi na nani. Baba naye aliliona.

"Salome," alisema polepole, "unanifikiria hivyo?"

Justina alielewa kwamba akinyamaza mara hii, haitakuwa kwa ajili ya jiko tena. Baba yake angebeba kosa lake, na Enock angerudishwa mbele ya moto ule.

"Si baba," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Si baba. Ni mchanga. Mchanga wa jikoni ni wa mwaloni. Baba mdogo ndiye aliuleta, akasema ni zawadi. Fundi aliniuliza, mimi nikamwambia ni wa mtoni."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, kama Charles aliwahi kuleta mchanga. Justina alitikisa kichwa. Mama alikaa kwenye benchi na kuweka mikono yake mapajani, viganja vikiwa juu, kama mtu aliyetua mzigo na hajui aupeleke wapi.

Daktari ndiye aliyeendelea kuzungumza, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo. Aliuliza jiko lilijengwaje, mchanga ulitumika wapi, moto huwashwa mara ngapi, na nani mwingine hukaa humo. Justina alijibu kila swali. Alitaja hata dirisha dogo, na dirisha kubwa lililofungwa kwa ajili ya mvua. Alipofika kwa Mama Sikujua na karai lake, machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza. Daktari alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia anywe maji amalizie.

"Sasa nina pa kuanzia," alisema alipofunga jalada. "Ungesema mapema tungeanzia mbele zaidi ya hapa. Lakini umesema."

Baba na Justina walirudi Kahama jioni hiyohiyo. Njia nzima baba alitazama nje ya dirisha, na Justina hakuthubutu kuuliza kama alimkasirikia yeye au mama. Walipofika, baba hakuingia ndani. Alimpeleka moja kwa moja kwa Mama Sikujua na kumwambia aseme mwenyewe, yeye atasimama tu. Justina alisema. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni kwake, akawatoa nje wajukuu zake wawili waliokuwa wakiota moto.

"Na karai ulinitwisha wewe," alisema.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuitikia shikamoo ya Justina. Alivunja mafiga yake asubuhi iliyofuata. Wajukuu zake walipopimwa walionekana hawajadhurika.

Majibu ya Enock yalipokuja yalikuwa kama daktari alivyosema. Edson alikuja akalia kama mtoto mbele ya mama yake. Alisema yeye amelala katika nyumba ya mchanga ule miaka yote na hakuna kilichompata. Bibi Klara alimtaka anyooshe mikono yake mbele. Edson alinyoosha, na vidole vilitetemeka. Alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema bibi. "Nenda kapimwe, ng'wanone. Wewe nawe bado ni mwanangu."

Jiko lilivunjwa. Halikuvunjwa kama la kwanza, kwa nyundo na mzaha. Bwana afya aliwaelekeza waloweshe kuta kwanza ili vumbi lisiruke, wafunge pua na mdomo, na wasitupe kifusi bustanini wala njiani wala kumpa mtu. Kiliwekwa kwenye mifuko, kikachukuliwa na gari la halmashauri. Mabula alikuja mwenyewe kuvunja, na hakutaka malipo. Alimwambia baba kwamba siku ile vidole vyake vilimwambia ukweli, lakini masikio yake yalipenda zaidi jibu la mtoto. Baba alimjibu kwamba hata yeye alipoambiwa kwa simu kuwa mchanga umepatikana, hakuuliza umepatikana wapi.

Kwa miezi kadhaa walipika uani chini ya turubai. Mvua ilipokuja walikula walichokuwa nacho. Shuleni Justina alinuka moshi tena. Hosiana alikuwa amesikia habari zote, maana Nyasubi hakuna siri inayolala, na hakusema neno la mzaha. Justina aligundua kwamba ukimya ule ulikuwa mzito kuliko kicheko.

Enock alipewa dawa iliyoagizwa kutoka Mwanza. Ngozi yake ilipona kwanza. Kulia kukapungua. Miguu ndiyo iliyochelewa. Daktari Martina alisema watoto wengi hurudi katika hali yao, lakini wengine hubaki na upungufu, na ni mapema mno kujua Enock ni wa kundi lipi. Hakuahidi asichokijua. Mama alimshukuru kwa hilo.

Kiangazi kilipoanza, mama alilipanga jiko tena. Mara hii alimwita Justina akae karibu naye. Walirudia kila kitu tangu mwanzo: upepo, maji, moshi, urefu wa viwiko, na madirisha mawili yaliyo sawa. Hakuna kilichovunjwa wala kuanzwa kabla vifaa vyote havijafika. Siku ya mchanga, mama alimwambia apande lori la Charles aende mpaka mtoni, asimame pale, auone ukichotwa, arudi nao.

Justina aliuliza kwa nini aende yeye, ilhali ndiye aliyewadanganya.

Mama alikuwa akimshikilia Enock kwa mikono yote miwili, naye mtoto alikuwa akijaribu kupiga hatua, goti moja likimsaliti kila mara.

"Kwa sababu hiyohiyo," alisema. "Nisipokutuma tena, utabaki mtu aliyedanganya, na mimi nitabaki mama asiyemwamini mwanawe. Hilo nalo ni ugonjwa. Nisikilize, Justina. Nilipanga jiko lile mwaka mzima. Nilipima kila kitu, na bado lilituumiza, kwa sababu mpango wote huo ulikuja ukategemea jibu moja la mtu mmoja. Mchanga hauna mdomo wa kusema umetoka wapi. Aliyekuwa na mdomo ni wewe. Ukiulizwa jambo unalolijua, sema lilivyo, hata kama kazi itasimama, hata kama watu watacheka. Kazi iliyosimama huendelea. Kicheko huisha. Lakini kuna vitu ukishavichelewesha, huvirudishi kwa kuomba msamaha."

Justina alisema amesikia. Hakuomba msamaha, kwa kuwa alishauomba mara nyingi, na alijua sasa kwamba mama hakuwa akiungoja.

Mtoni alisimama kwenye jua mpaka lori likajaa. Alichota mchanga kiganjani, akauona una punje, nyeupe na za kahawia, zinazokwaruza ngozi. Charles alimtania kwamba anaukagua kama mnunuzi wa almasi. Justina hakucheka. Alisema ataomba kuona na tripu ya pili, na Charles, alipomtazama vizuri, aliacha utani akamwambia watarudi wote wawili.

Jiko lilipomalizika hakukuwa na sherehe. Mama aliwasha moto wa kwanza mwenyewe, madirisha yote mawili yakiwa wazi, na moshi ukapanda kwenye bomba ukatoka juu ya paa. Enock hakuruhusiwa kuingia siku hiyo wala siku zilizofuata. Alikaa mkekani uani pamoja na Bibi Klara. Jioni, Justina alipokuwa akisuuza sufuria, alimwona akishika bega la bibi, akajiinua, akasimama. Miguu yake ilitetemeka. Alisimama hivyo kwa muda, akaketi. Baadaye akajaribu tena.